Tundu la Juu

Kuo Chih-hung alimtengenezea bintiye kompyuta ya kuchorea katuni, nyembamba, ya kung'aa. Eti matundu yanaharibu sura! Akabakiza moja tu, juu, la kutolea joto. Binti alipofariki, michoro yake yote ilibaki humo tu, bila nakala.

Leo asubuhi mashine imeungua. Juu ya tundu imelala pakiti ya kijani ya vitafunio, ile tunayowekea kila mashine hapa Taipei kama hirizi, ili isisumbue.

"Ile ndogo ilipitwa na tarehe, mwanangu," mama yake Kuo akasema. "Nikaiwekea kubwa. Mbona imezima?"

Kuo akaiondoa pakiti taratibu. "Imechoka tu, Mama. Umefanya vizuri."

"Haya, ikipoa uniwashie. Nataka kuona michoro ya mjukuu wangu."