Msichana Aliyetaka Jeni Sivili

Juzi, kwenye dirisha la kujiandikisha chuoni hapa Kolwezi, msichana alitaja uhandisi wa ujenzi kwa Kifaransa: "Jeni sivili." Baba yake, mwenye lori la njia ya Sandoa, akamshika mkono.

"Jini? Mutoto yangu hatasoma majini! Twende."

Foleni yetu ikacheka. Msichana hakucheka, dirisha lilikuwa karibu kufungwa kwa mwaka mzima.

"Papa, ni kujenga! Barabara, bilalo ya kuvukia mito. Hata ile kilalo yenye kuvunjikaka mvula ikinyesha, yenye kulalishaka lori yako njiani."

Baba akaachia mkono, akainamia dirisha la mama karani mpaka kofia ikagonga kioo.

"Mama, umuandike mbiyo! Mvula iko karibu!"

Tukapiga makofi. Huku kwetu kila mtu anachimba madini; hatimaye tumepata wa kutuvusha.