Masale Ukutani

Niseme mapema, kabla hamjasikia kwa mke wangu: mimi niliyezaliwa kihambani, katikati ya migomba na kahawa, niliwahi kuchora majani ya isale kwenye ukuta wa nyumba yangu nikidhani napamba. Mtoto wa Kichaga wa darasa la pili asingefanya kosa hilo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na Moshi ilikuwa haikaliki. Magari ya vipaza sauti yalipita mtaani kwetu Pasua watu hawajamaliza chai. Wauza mitumba walinadi mashati kwa tuni za kampeni. Kinyozi alikuuliza kwanza uko upande gani, ndipo aamue akunyoe vipi. Sitawadanganya, moyo ulinidunda kwa raha. Miaka yote tulibishana kwa kunong'ona, na sasa mji mzima ulikuwa unabishana kwa sauti! Ila mimi ni mtu wa nyumbani. Mkutanoni nilienda mara moja, nikarudi na kandambili moja, tena si yangu. Tangu hapo nikaamua kuifuatilia historia ya nchi nikiwa kwenye kiti changu karibu na jiko, mahali ambapo mageuzi yakichelewa, angalau mtori wa ndizi hauchelewi.

Kaka yangu alikuwa kinyume changu kabisa. Aliishi nyumba ya pili katika kiwanja hichohicho tulichogawana, kati yetu uzio mfupi wa michongoma. Mageuzi yalikuwa yamempanda kichwani hadi akawa anahutubia usingizini, tulimsikia. Kila jioni alivuka na kiti chake mwenyewe, maana viti vyangu alisema vinafundisha uvivu, tukasikiliza redio pamoja. Sasa jioni moja mgombea wake alikuwa katikati ya hotuba. Mimi nikatazama saa, nikaizima redio.

"Umefanya nini?" kaka akauliza.

"Naokoa betri. Saa mbili kuna zilipendwa."

Akasimama taratibu. "Nchi inazaliwa, wewe unaizima kwa ajili ya gitaa?"

"Kaka, nchi izaliwe tu, lakini si kwa betri zangu."

Alibeba kiti chake kichwani, akaondoka. Kesho yake nikampa shikamoo juu ya michongoma. Haikujibiwa, ikabaki pale uzioni kama soksi iliyosahaulika. Jioni nikampa nyingine, nayo ikabaki. Nikaacha. Na mimi nina kiburi changu, na betri zilikuwa zangu kweli.

Habari zilipanda mlimani kwa mama haraka kuliko gari lolote. Wiki haijaisha, mama akatuma neno kwa mwanamke aliyekuwa akishusha ndizi sokoni, naye akatufikishia kama alivyopewa, akituma jicho kwangu na jicho kwa kaka: "Waambieni wale wawili, mbuzi wangu hachinjwi na watu wasioamkiana. Wakija Krismasi hivyohivyo watakuta kufuli mlangoni. Mimi nitakula kwa masista."

Asiye wa kwetu anaweza kuona hilo ni tishio dogo. Sisi Desemba hupanda wote nyumbani, hata aliyeko mwisho wa nchi. Na yule mbuzi mama alimfuga ndani mwaka mzima, kwa majani aliyoyabeba kichwani mwenyewe, kwa ajili ya siku hiyo moja. Kumwazia amekaa mezani kwa masista, mgeni, siku ambayo nyumba yake ingejaa, kwa sababu ya betri za redio, kulinikata hamu hata ya mtori. Lakini nani aanze? Kaka alinisubiri mimi. Mimi niliisubiri busara, haikuja.

Kilichokuja ni rangi. Rafiki yangu mwandika mabango alielemewa na kazi za kampeni, karakana yake haina pa kukanyaga, akanisukumia makopo yaliyobaki nusu. "Ondoka nayo," akasema, "kabla sijayapiga teke." Kijani nyingi, nyeupe kidogo, na nyekundu ya matofali. Nilipofungua kopo la kwanza, ile harufu ilinipanda hadi kwenye utosi. Sikuwa nimeshika brashi tangu shuleni, ambako mwalimu wa sanaa alinisifia mara moja, kwa usafi wa dawati.

Nilianzia ndani. Juu ya meza nikachora mkungu wa ndizi. Mgeni wa kwanza akauliza ule ni mkono wa nani. Sikujali. Gari la kampeni linapita nje likitikisa vikombe, mimi namalizia kivuli. Mke wangu anamenya ndizi, zilipendwa zinaimba chinichini, vumbi la barabarani linatua juu ya rangi mbichi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya kuamka mapema kwenda kuhakikisha kama ukuta wa jana bado upo.

Ndani pakajaa. Nikatoka nje, kwenye ukuta unaotazama mlango wa kaka. Hapo nikataka majani, na jani pekee ambalo mkono wangu uliliweza lilikuwa refu, jembamba, lenye ncha. Nikachora moja. Lilitoka vizuri hadi nikarudi nyuma kulitazama, nikamkanyaga kuku. Nikaongeza mengine, na mengine. Vijana waliopita na bendera wakanitania kwa ile kijani, "Mzee, umehamia chama gani?" Nikawajibu nimehamia migombani.

Mke wangu akatoka na kisu cha ndizi mkononi. Akautazama ukuta kwa muda.

"Haya majani unayajua?"

"Ni majani tu."

"Haya. Basi ongeza na upande huu, wa mlango wa shemeji."

Nikafurahi kupita kiasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuagizwa kazi ya sanaa.

Jumapili, baada ya misa, kaka akaja. Amevaa koti, kiti kichwani, kibuyu cha pombe ya mbege mkononi. Mimi niliganda na brashi yangu. Akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mdogo wangu," akasema, na sauti ilikuwa imelegea, "jani moja lingetosha."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Isale! Mmea uleule wa mipaka ya kihamba chetu, niliokuwa nikiuruka utotoni. Kwetu ukimkosea mtu unamchumia jani la isale, unampelekea, naye hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Akikataa, lawama inamgeukia yeye. Mimi kaka yangu nilikuwa nimempelekea msitu.

Nikafungua mdomo nieleze kwamba sijaomba msamaha wowote, na kwamba betri... Mke wangu akanikanyaga mguu huku anatabasamu kama mgeni rasmi. Nikauona mlango wa mama usio na kufuli. Nikameza betri zangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Na mimi ulimi wangu ulikuwa mkali." Akakishusha kiti mahali pake pa siku zote. "Yule mama wa ndizi akipita, mwambie amwambie mama alitupe kufuli lake. Sasa washa redio, tulisikie hilo gitaa."

Nikawasha. Betri zilikuwa zimekufa. Kaka akacheka hadi mbege ikamwagikia koti.

Jirani yetu, mama wa kutoka Singida ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda cha sukari, alikuwa amekuja kurudisha chekeche, akamkuta kaka anamweleza kila apitaye maana ya majani yale, nusura alie. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Jirani," akaniambia, "kwetu hivyo ni vitunguu, na hata vitunguu umevikosea. Lakini kama vimemrudisha kaka yako, chora na nyanya, tumalize ugomvi wa mtaa mzima."