Michirizi Miwili ya Mbuzi wa Bi Tamima

Bi Tamima alishona magauni ya maharusi Mji Mkongwe miaka mingi, na hata alipohamia Kiembe Samaki macho yake yalibaki ya fundi. Alipoonyeshwa mbuzi wa maziwa aina ya Togenbagi, ambao asili yao ni milima ya Uswisi, hakuuliza maziwa. Alitazama mwili wa hudhurungi, miguu myeupe, na michirizi miwili myeupe ishukayo kutoka juu ya macho hadi puani.

"Huyu kapambwa," alisema.

Yeye alikuwa na jike mmoja wa kienyeji, mweusi tii. Beberu wa Togenbagi alikuwa Mbweni kwa mfugaji Darwesh, aliyekuwa anajiandaa kuhamia naye Pemba. Bi Tamima alitaka kitu kimoja: mtoto jike mwenye michirizi, awe mwanzo wa zizi lake.

Jike akapata joto la kutaka dume wiki ya Iddi Kubwa, nyua zote zimejaa mabeberu wa kuchinja. Bi Tamima alitoka kutafuta gari. Kurudi, kamba imekatika, na mbuzi wake yuko uani kwa jirani yake Kheir, ubavuni mwa beberu mweusi.

"Wamezungumza tu," Kheir alisema.

"Uliwasikia?"

"Nlikuwa naoga, Bi Tamima."

Akampeleka Mbweni hivyo hivyo. Siku ya Iddi Kheir akamletea sahani ya nyama ya beberu yule, naye akaila. Basi miezi mitano hakupumua.

"Mkweo alikuwa mtamu?" Kheir alimuuliza kila walipokutana dukani.

Jike alizaa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Akatoka dume, mweusi tangu pua hadi mkia. Kheir, aliyeegemea ukuta, akacheka mpaka akakohoa.

"Kafanana na marehemu."

Bi Tamima akakaa juu ya ndoo. Lakini mbuzi akajikaza tena. Wa pili alikuwa jike, wa hudhurungi, uso umefunikwa ute mweupe. Bi Tamima hakuuamini ule weupe. Akafuta kwa pindo la kanga, akafuta tena, akalilowesha pindo maji akafuta mara ya tatu. Ute ukatoka. Michirizi ikabaki, yote miwili, imenyooka kama imepigwa rula.

"Tumbo moja, baba wawili?" Kheir aliuliza.

"Kwa mbuzi hutokea. Mchukue mwanao akikua," alisema Bi Tamima, huku akicheka na kulia pamoja, kitoto kimelala mapajani mwake. "Huyu haendi popote."