Siagi ya Bibi Niliyoizuia Mlangoni

Kosa ni langu, na naanza nalo hilo kabla sijatafuta pa kujificha. Nimelala nalo na kuamka nalo mpaka nimechoka. Nyie msionijua ndio nawaambia, maana wanaonijua siwezi kuwatazama machoni.

Nina saluni ndogo hapa Endasak, kando ya barabara. Nasuka, napamba maharusi. Mdogo wangu, nimwite Neema ingawa siyo jina lake, ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yake alifariki Neema akiwa bado ananyonya, akalelewa na Bibi yetu huko juu mlimani. Alipopata mchumba wa kijiji cha Masakta nikasema nitampamba mimi, iwe zawadi yangu ya harusi.

Neema ni mweusi, weusi mzuri wa kung'aa, kama mama yake. Alikuja anataka kusafishwa uso na kuchongwa nyusi tu. Mimi na mdomo wangu! "Kwa weusi huo, kwenye picha yataonekana meno tu," nikamtania. Alicheka, lakini nikaona limemwingia.

Nikamchanganyia mkorogo wa kung'arisha ngozi. Nilikuwa nawauzia wengi na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Nikamwambia akae ndani, asipigwe na jua. Akae ndani vipi, jamani? Ulikuwa msimu wa kupura maharage, Bibi macho yamefifia, na hana mtu mwingine wa kumsaidia. Nilijua yote hayo, nikampa hivyo hivyo.

Wiki ya harusi alikuja saluni akavua mtandio. Ole wangu! Mashavu yamebabuka, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Dada, uso unawaka moto. Twende hospitali."

"Ukienda hospitali harusi itaahirishwa. Vumilia, nitakufunika vizuri tu. Ukitaka uzuri, sharti udhurike."

Methali hiyo siku hizi mtu akiitamka mbele yangu, natoka nje.

Asubuhi ya harusi, nyumbani kwa Bibi, nilimpaka faundesheni nzito, tabaka juu ya tabaka. Machozi yalimtoka, mimi nikiyakausha kwa sponji. Akatoka mrembo kweli. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakaanza kuniomba namba ya simu. Nilivimba kichwa, nisiwafiche.

Sasa, kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mkubwa wa nyumba ampake siagi usoni na kumwombea. Bibi alikuja na desturi hiyo kutoka kwao, kijiji cha Daudi. Alimpaka mama yangu, akampaka na mama yake Neema. Siku hiyo alikuwa amesukasuka maziwa mwenyewe, siagi akaitia kwenye kibuyu kidogo. Akasimama mlangoni, akachota kwa vidole, mkono wake ukawa unapapasa hewani kutafuta uso wa mjukuu wake.

Nikaudaka ule mkono!

"Bibi, utaharibu mekapu."

Nilichoogopa ni kwamba siagi ingeyeyusha faundesheni, mashangazi wakaona nilichomfanya mtoto wa watu, na saluni yangu ikafia palepale.

"Dada, mwache anipake," Neema akaninong'oneza. "Afadhali waone."

"Gari linasubiri," nikasema, nikambana bega, nikamtoa nje.

Nilipogeuka Bibi alikuwa bado ameinua mkono, siagi inamchuruzika kuelekea kwenye kiwiko. Hakugomba. Alijifuta kwenye shuka lake, akanikabidhi kibuyu.

"Haya, mjukuu wangu. Wewe ndiye mwenye kazi ya uso. Jioni ukishamnawisha, umpake kwa niaba yangu. Asilale bila kupakwa."

"Sawa, Bibi."

Jioni kule Masakta nilipomnawisha, faundesheni ilitoka na ngozi. Neema alipiga ukelele mpaka mama mkwe wake akaja mbio. Nikanyoosha mkono nimshike.

"Usiniguse! Usiniguse tena maishani!"

Wakampeleka hospitali akiwa na gauni lake la harusi. Mimi nikabaki na kibuyu kwenye mkoba, na sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nimetumwa.

Kesho yake nikapanda kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ulimpaka?"

Mungu wangu, nisamehe! "Nilimpaka, Bibi."

Akaishika mikono yangu hii, akaibariki. "Sasa nimetulia," akasema.

Neema hakwenda tena kumwona Bibi. Alijua Bibi atampapasa uso, agundue, aumie. Kila mara akatoa udhuru kwenye simu, na Bibi akawa anamngoja mpaka alipofariki. Siku ya mazishi Neema alisimama ng'ambo ya kaburi, mtandio umefunika mashavu ambayo yamebaki na mabaka hadi leo. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Nyumba ile, ni mimi peke yangu niliyetoka bila kupakwa."

Nilikuwa karibu, na nikashindwa kufungua kinywa.

Mkorogo niliumwaga wote. Lakini kila nikiinua pamba kwenye uso wa bibi harusi, nauona mkono wa Bibi umeinuliwa mlangoni. Wateja wananiuliza mbona saluni inanuka siagi iliyochacha. Kibuyu kiko kwenye kabati. Kukitupa naogopa, kukifungua naogopa zaidi.

Wasichana, ngozi mliyopewa na mama zenu msimpe mtu kama mimi aichezee. Na nyie wapambaji wenzangu, mkiona mzee amenyoosha mkono kumbariki mwanawe, sogeeni pembeni! Mekapu unaweza kuirudia nje kwenye gari.

Na wewe ninayekuita Neema, ukisoma haya utajijua. Bibi hakukuacha utoke hivi hivi. Alikuachia sehemu yako, akaniamini mimi niilete, na alikufa akijua umepakwa. Njoo uichukue. Sitakugusa.