Ya Bure, na Hakuna Anayeipokea

Kitendawili! Nakigawa bila kuuza, hakipungui, na bado watu hukirudisha. Ni nini? Umeshindwa? Basi nipe mji, nikwambie: ni mfumo wa kompyuta anaougawa Husna Rashidi, mchapaji wa mji wa Baraka, Kongo.

Saa mbili asubuhi, kando ya soko, Husna anapangusa vumbi la barabara kwenye kompyuta yake na kuiunganisha na betri ya jua. Mteja wa kwanza, Mama Espérance, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ameleta barua ya kuomba kiwanja. Anainamia kioo.

"Dada, Word iko wapi?"

"Hii nayo inaandika, mama."

"Sikuuliza kuandika. Niliuliza Word."

Husna anacheka, anachapa.

Miaka mitatu iliyopita, virusi kutoka flash ya mteja vilimeza kazi ya mwanafunzi, kurasa sitini nzima. Fundi mmoja wa Uvira akamwekea Linux, mfumo ambao haununuliwi na kila mtu anaruhusiwa kuunakili. Tangu siku hiyo hajapoteza hata ukurasa. Amewawekea watu tisa. Saba wamerudi kuomba ule wa zamani.

"Nikisema tu ni ya bule, nimeharibu," anasema. "Huku kwetu bule ni kitu yenye haina faida. Ndagala ya bule, batu banainusaka kwanza."

Kinachomkaa moyoni ni kompyuta sita za shule ya sekondari, kuukuu mno hata haziwezi kubeba mifumo mipya ya kuuzwa. Aliziwekea Linux, kisha akamuuliza mkuu wa shule, Prefe Albert: "Nibakize, ama nifute?" Wiki ya tatu hii, kimya. Kila pikipiki ikipunguza mwendo, shingo yake inageuka.

"Natamani nione mutoto mumoja tu anaifungua, anaandika jina yake, haulizi Word iko wapi."

Pikipiki inasimama. Ni Prefe Albert, mfuko wa plastiki kwapani.

"Husna, mashine zako ziko mbio. Lakini ile ingine ya kununua ikikufa, kila kijana wa soko anaitengeneza. Hii yako, we ukienda kwa kilio Uvira, mi naita nani?"

Husna anatazama vidole vyake. Anajua ni kweli.

"Basi nifute, Prefe?"

Mzee anafungua mfuko, anatoa kompyuta ya ofisini kwake, anaiweka mezani taratibu.

"Usifute. Weka na kwa hii ya bureau, unifundishe mi kwanza. Batoto bakikwama, bakuje kwangu."