Kitenge Kinachochuja na Mkwe Nisiyemwambia

Jumamosi ya pili ya Machi. Mvua ya alfajiri iliacha matope mtaa wetu wote wa Bweri, halafu likawaka jua kali.

Sisi akina mama wa jumuiya tunakusanyaga vitenge vya parokia. Kila mwaka kinatoka kipya, na mimi ninavyo vyote, vingine sijawahi hata kuvishona. Cha mwaka huu kilikuja chekundu. Waliowahi kununua walikifua mara moja tu, mashuka yao yakawa mekundu. Mimi nikasema tulalamike. Wenzangu wakasema tugome, malalamiko yanaishiaga kwenye "nimesikia, mama." Tukapatana yote mawili: hakuna kununua tena, na mimi nikamweleze muuzaji kule Bunda sababu, maana ni mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu.

Nilienda. Akanipa kiti, akauliza habari za kila mtu wa nyumbani. Sasa mkwe utamwambiaje bidhaa yake ni mbovu, na umekalia kiti chake? Nikanywa soda, nikarudi. Wenzangu nikawaambia, "Nimemweleza."

Jana alituma salamu kwamba anakuja, na leo kaja mwenyewe kwenye jumuiya, na furushi.

"Mama zangu, nimewaelewa! Kumbe vyekundu hamvipendi. Nimeagiza vya kijani."

Mwenyekiti wetu akachovya pindo kwenye ndoo. Maji yakawa kama ya kuchemshia mchicha.

"Sisi tulisema rangi inachuja. Mkweo hakukuambia?"

"Hajaniambia kitu. Niliona tu hamnunui."

Wote wakanigeukia. Mmoja akasema, "Kumbe balozi wetu alienda kula!" Wakacheka. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Sisemi kugoma ni kubaya. Bila kugoma pengine asingehangaika kabisa. Ila kugoma kulimwonyesha tumekasirika, hakukumwambia kwa nini. Hiyo ilikuwa kazi ya mdomo wangu, na furushi lile ameshalilipia.

Nilimfuata hadi barabarani, nikamsihi apite nyumbani, nimemchinjia kuku.

"Mkwe," alisema, huku anafunga furushi upya, "ungeniambia, ningenuna siku mbili yakaisha. Hivi sasa nikamuuzie nani?"

Akapanda bodaboda kwenda stendi, hata maji hakunywa.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na huyo kuku. Mume wangu aliuliza mgeni yuko wapi, nikamwongezea mchuzi.