Hatua Moja Mbele

Shule niliishia darasa la pili, lakini milango yote ya kituo kile cha polisi pale Kilosa niliitengeneza mimi. Miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, sisi raia tuliofanya kazi kituoni tulikuwa na chama, na mwakilishi nilikuwa mimi. Akiguswa mmoja, tunaingia ofisini kwa mkubwa wa kituo sote.

Askari hawakuwa na chama. Walikuwa na baraza: wanapangwa mistari, mkubwa anasema mwenye shida apige hatua moja mbele.

Askari mmoja, jirani yangu, akapata uhamisho wa Songea huku mkewe amelazwa hoi. Akanifuata karakana.

"Mzee, nisemee."

"Chama changu hakikuhusu. Kwani wewe si mwanaume? Toka mbele, wenzako watakufuata."

Siku ya baraza akatoka. Nilikuwa naona kupitia dirisha la karakana. Mkubwa akauliza, "Nani mwingine?" Wenzake wakatazama viatu vyao. Mimi nilikuwa nimepima baraza lao kwa mkutano wetu. Sikujua kwamba kwao, wakitoka wawili kwa shida moja, huo ni uasi.

"Rudi mstarini. Kesho uondoke."

Mkewe alifariki wiki ya pili. Basi la kutoka Songea lilimshusha mumewe Mikumi, akadandia lori la magunia, akafika Kilosa tumeshazika. Nilitaka anitukane. Akaja moja kwa moja nilipokaa, akainama. "Shikamoo, mzee."

Nikainuka, nikampisha nilipokaa.